Maziwa Yalinitoka na Sijawahi Kuzaa

Maziwa yalinitoka kifuani nikiwa kazini, na wakati huo sikuwa nimewahi kuzaa.

Nimeanza hivyo makusudi, maana najua kuna wanaosoma mistari miwili ya mwanzo halafu wanakimbilia kwenye maoni kubishana. Sasa mnalo la kubishania. Kaeni niwasimulie lilivyokuwa.

Nafanya kazi kwenye duka la uchapishaji. Tunachapa kadi za harusi, fulana za timu za mtaani, matangazo ya vyumba vya kupanga, na zaidi ya vyote mabango ya siku za kuzaliwa za watoto. Mimi ndiye ninayepanga picha na kusimamia mashine.

Siku hiyo nilikuwa nakata bango la mapacha waliokuwa wanatimiza mwaka. Mama yao alisimama ng'ambo ya kaunta akinionya nisije nikamkata yule wa kulia sikio. Ghafla nikaona ameacha kuangalia bango, ananiangalia kifuani.

"Hongera," akaniambia kwa sauti ya chini. "Wa kwako ana muda gani?"

Nikajiangalia. Blauzi ilikuwa imelowa sehemu mbili, kushoto na kulia, sawasawa kabisa, utadhani mtu kapima na rula.

Nikamjibu asante. Dukani kwetu mteja habishiwi. Akaondoka na mapacha wake wa karatasi, mimi nikaenda chooni.

Nikafungua vifungo, nikabonyeza kidogo. Yakatoka matone meupe. Nikabonyeza upande wa pili, labda ule wa kwanza ulikuwa unanitania. Nao ukatoa.

Nilikaa juu ya kifuniko cha choo, blauzi mkononi. Niliogopa, nasema ukweli. Nilichowaza kwanza ni mimba, halafu kansa. Cha tatu sitakiandika, maana mama yangu anasoma humu.

Jioni nikapita duka la dawa, nikanunua kipimo cha mimba. Kikasema hapana. Nikanunua kingine duka tofauti, nikidhani kile cha kwanza kina kinyongo na mimi. Nacho kikasema hapana.

Ngoja nirudi nyuma kidogo ili mnielewe vizuri.

Mimi na mume wangu tulikuwa na miaka mitatu kwenye ndoa. Yeye ni fundi umeme. Mtu mpole, mchapakazi, hana makuu, ila ana tabia moja kaitoa kazini kaileta nyumbani: haamini waya mpaka auguse na testa. Umeme ukikatika mtaa mzima, giza tupu, yeye atachukua testa aende kwenye soketi akahakikishe.

Tulipooana tulikubaliana tusiwe na haraka ya mtoto. Nikawa nachomwa sindano ya uzazi wa mpango, ile ya kila miezi mitatu. Baada ya mwaka na kidogo tukaona sasa tuko tayari, nikaacha.

Mtoto hakuja. Siku zangu nazo zikawa zinakuja zikijisikia, mwisho zikakata kabisa.

Kila mtu alikuwa na jibu, na jibu la kila mtu lilikuwa sindano. Jirani alisema sindano imenikausha kizazi. Bosi wangu, mwanaume mzima na ndevu zake, alisema ile dawa inalala mwilini miaka saba. Nilipomuuliza hiyo saba kaitoa wapi, akasema inajulikana.

Mimi nikawa najilaumu. Usiku nilikuwa nageukia ukutani nikilia bila sauti, nikijiambia nimejiharibu kwa mikono yangu. Hilo sikumwambia mtu.

Tulikuwa tunaishi kwa mama mkwe, vyumba viwili vya nyuma, lakini chakula tunakula meza moja. Mama mkwe wangu mtaa mzima unamwita Sista. Alifanya kazi hospitali mpaka akastaafu. Mtu akishikwa na homa pale mtaani hupelekwa kwake kwanza, akishindikana ndipo wanatafuta usafiri.

Hospitali alikuwa upande wa kufua mashuka.

Watu walishalisahau hilo, na nadhani hata yeye lilikuwa limeanza kumtoka. Alikuwa anatuambia kwamba ukikaa karibu na madaktari miaka yote hiyo, kuna vitu vinakuingia tu.

Kimojawapo kilichomwingia ni kidonge cha tumbo. Zamani aliugua, akaandikiwa vidonge vya kutuliza kichefuchefu, vikamsaidia sana. Alipopona hakuachana navyo. Akawa ananunua kopo zima kwa mwenye duka la dawa mmoja aliyemzoea, mtu asiye na maswali.

Kwa hiyo kwetu, baada ya chakula cha jioni, vijiti vya kuchokolea meno na vidonge vilikuja kwenye kisahani kimoja. Unachukua kijiti, unachukua kidonge, unampitishia mwenzako. Hata mgeni alipitishiwa, na wengi walimeza kwa adabu.

Mezani tulikuwa wanne: Sista, mume wangu, mimi, na wifi yangu. Wifi ni mdogo wake mume wangu, mwalimu wa chekechea, msichana mkimya ambaye ukimsikia anaongea jua kuna kitu.

Mimi ndiye niliyevitumia vidonge kuliko wote. Harufu ya wino na ile dawa ya kusafishia mashine ilikuwa inanitibua tumbo. Mwanzoni kila nikishika mdomo, Sista alikuwa ananiangalia kwa matumaini, anaanza hata kunikataza kubeba ndoo. Alipoona matumaini hayazai kitu, akaniongezea dozi, kimoja asubuhi, kimoja jioni, na kimoja cha akiba kwenye pochi.

Alisema tumbo likitulia, kizazi nacho kinapata nafasi ya kufanya kazi yake. Alikuwa anasimama pembeni yangu mpaka nimeze, maji ananishikia yeye. Alifanya hivyo kwa upendo, na naomba hilo mlishike, maana huko mbele mtataka kumchukia.

Sasa turudi kwenye maziwa.

Nikawa nanunua pamba na kujiziba. Kazini nikavaa nguo za rangi nzito. Nyumbani nikawa naoga mapema na kulala mapema. Nilijikaza hivyo nikitegemea yataisha yenyewe, kama mafua.

Nilichosahau ni kwamba naishi na mtu aliyefua maisha yake yote.

Siku moja mvua ilitaka kunyesha, Sista akaanua nguo zote za uani, na zangu zikiwemo. Niliporudi kazini nikamkuta amesimama mlango wa nyuma, ameinua sidiria yangu kwenye mwanga, anaikagua. Akainusa. Kisha akanigeukia.

"Nimefua mashuka ya wodi ya wazazi mpaka vidole vimepinda," akasema. "Doa la maziwa ya mama nalijua hata nikiwa usingizini. Mtoto yuko wapi?"

Nikamwambia hakuna mtoto.

"Maziwa hayamtoki mtu ambaye hajazaa," akasema. "Mtoto yuko wapi?"

Nikamweleza tangu mwanzo: yameanza tu yenyewe, nimepima mimba mara mbili, sijui ni nini, na naogopa. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza mtoto yuko wapi.

Jibu akalitafuta mwenyewe. Kabla ya kuolewa niliwahi kufanya kazi mwaka mzima kwenye mji mwingine. Kwake hilo lilitosha. Nilizaa kule, nikamficha mtoto kwa mama yangu, na kila nikiaga naenda kuwasalimia wazazi nakwenda kumnyonyesha.

Kwa hesabu hizo mtoto alikuwa na miaka minne na ushee, na bado ananyonya. Hapo hata mimi nilimwonea huruma huyo mtoto.

Sista akampigia simu mama yangu, akamwomba aongee na mjukuu. Mama yangu alidhani nimejifungua bila kumwambia. Akaanza kulia kwa furaha, akauliza ni wa kike au wa kiume. Sista akakata simu na kusema huyu mama analia kwa sababu siri imefichuka.

Mume wangu aliporudi akakuta habari imeshapikwa na kuiva. Mama yake alimsimulia kwanza, mimi nikafuata, nikamwambia pia kwamba naogopa. Tulipobaki wawili chumbani nikamuuliza yeye anaamini nini.

Alikaa kitandani akiwa bado na viatu.

"Tusubiri vipimo," akasema.

"Vipimo vya nini?"

"Vya kuonyesha kama umewahi kuzaa."

Iliniuma. Iliniuma kuliko maneno yote ya mama yake, kwa sababu mama yake alikuwa na doa mkononi, yeye alikuwa na miaka mitatu ya kulala kitanda kimoja na mimi. Nikavuta shuka, nikalala. Siku hiyo hata kulia sikulia.

Kikao kikapangwa Jumapili. Baba mkubwa, kaka yake marehemu baba mkwe, angekuja kukiongoza. Nikaambiwa waziwazi kwamba ikithibitika nilificha mtoto, naondoka na vitu vyangu siku hiyohiyo.

Nikapiga moyo konde. Kesho yake asubuhi nikaomba ruhusa kazini, nikaenda hospitali peke yangu.

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, sauti ya taratibu, mtu anayekusikiliza bila kukukatiza. Alinipima kifua kwanza. Hakukuta uvimbe, nikashusha pumzi. Akaniuliza kama natumia dawa yoyote, nikasema hapana. Akauliza kuhusu uzazi wa mpango, nikamweleza habari ya sindano kwa sauti ya mtu anayetubu.

Akanikatalia kujilaumu. Alisema sindano ile huchelewesha, haifungi. Wengine hukaa miezi mingi baada ya kuiacha, hata mwaka na zaidi, ndipo mayai yanarudi kwenye ratiba yake. Vidonge vya uzazi wa mpango kwa wengi huachia mapema zaidi. Lakini mimi nilikuwa nimeacha karibu miaka miwili, na sindano haitoi mtu maziwa, kwa hiyo tutafute pengine.

Nikamuuliza kuhusu ile miaka saba. Akauliza nani kasema. Nikamwambia inajulikana.

Akarudi kwenye dawa. Akanitajia moja moja: za presha, za msongo wa mawazo, za kunenepesha, za kuchubua ngozi, za maumivu ambazo mtu anakunywa kila siku. Akasema hata zile za maumivu tunazozidharau, zikitumika mfululizo, zinaweza kuzuia yai lisitoke. Kote nilijibu hapana, na nilikuwa najibu kwa moyo mweupe.

Akaweka kalamu chini.

"Ukishakula chakula cha jioni," akaniuliza, "huwa unafanya nini?"

"Nachokoa meno."

"Halafu?"

"Halafu nameza kidonge."

"Kidonge gani?"

"Cha baada ya kula," nikamjibu, utadhani kila nyumba ina cha kwake.

Nikamtolea kile cha akiba kwenye pochi. Jina lake nililijua vizuri. Herufi za kwenye lile kopo zilichapwa zikabanana vibaya, na kwa mtu wa kazi yangu kitu kama hicho kinakera kila ukikipita. Nikamtajia herufi kwa herufi. Akaniuliza nimetumia muda gani. Nikamwambia tangu niolewe, ila dozi mbili ni tangu nianze kutafuta mtoto.

Akakiweka kidonge pembeni ya kalamu yake.

Akanieleza kwamba dawa ya aina ile ni ya siku chache, kwa anayeihitaji. Ukiigeuza kuwa desturi ya miezi na miaka, inaweza kupandisha homoni inayotengeneza maziwa. Homoni hiyo ikiwa juu, mayai hayatoki, na siku zinavurugika au zinakata. Mwili unaamini tayari una mtoto mchanga kifuani, kwa hiyo hauoni haraka ya kutafuta mwingine.

Nikamwambia basi hata mwili wangu uko upande wa mama mkwe. Hakucheka, sababu hakuwa anamjua Sista.

Hakutaka kubahatisha, akanitoa damu. Akasema kuna sababu nyingine zinazoweza kupandisha homoni hiyo, hata uvimbe mdogo kichwani, kwa hiyo niache kidonge, na homoni isiposhuka tutapiga picha ya kichwa. Akanisisitizia pia kwamba dawa ninayoandikiwa na daktari kwa ugonjwa halisi nisiikatishe kienyeji kwa kusikia habari hizi. Kidonge hiki hakuna aliyeniandikia.

Majibu yakatoka kabla ya Jumapili. Mimba hakuna, homoni ya maziwa iko juu sana. Mume wangu sikumwambia. Alitaka vipimo, nikaona avisikie pamoja na wenzake.

Jumapili ikafika. Baba mkubwa akakaa kiti cha kichwani, miwani puani, sauti nzito ya mtu aliyeamua ndoa nyingi za wenzake. Mume wangu kakaa karibu na mlango. Wifi kakaa pembeni, mtandio kifuani, kichwa chini.

Sista akatoa ushahidi. Ilikuwa sidiria yangu, ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa fundo. Akaiweka katikati ya meza.

Baba mkubwa akatafuta pa kuangalia. Akachagua dari.

Sista akaeleza kesi yake vizuri, nampa haki yake. Akaeleza kuhusu doa, kuhusu ule mwaka wa mji mwingine, kuhusu mama yangu alivyolia kwenye simu. Akamalizia na sheria yake, kwamba maziwa hayamtoki mwanamke ambaye hajazaa, na kwamba asiyekubali aende akaulize wodi yoyote.

Baba mkubwa akaniambia niseme yangu, huku bado yuko na dari.

Nikasema. Nikaeleza nilivyoelezwa, kwa ufupi, bila kumlaumu mtu. Nilipofika kwenye kidonge, Sista akanyoosha mgongo.

"Kidonge hicho nakunywa mimi miaka yote," akasema. "Nyumba nzima inakunywa. Mimi natoa maziwa?"

Nikamjibu kwamba daktari kasema miili haifanani, na aliyekwisha koma hedhi hana mayai ya kuzuiwa. Hakupenda jibu hilo. Akamgeukia mwanawe.

"Na wewe je? Si unakunywa kila siku? Umedhurika wapi?"

Mume wangu akakohoa.

"Mimi huwa natema, mama."

"Unatema?"

"Kwenye sinki. Tangu nasoma shule ya msingi."

Sista alimwangalia mwanawe kama ndiyo kwanza anatambulishwa kwake. Baba mkubwa alishusha macho kutoka kwenye dari, kisha akayarudisha. Nilitaka kucheka na nilitaka kulia, maana kumbe kwenye nyumba ile mtu pekee aliyekuwa na wasiwasi na vidonge vile alikuwa mume wangu, na hakuwahi kunong'ona hata neno moja.

Sista akajikusanya. Akasema basi, tusizunguke, kidonge ni kisingizio. Aliyeleta maziwa nyumbani kwake aseme mtoto yuko wapi.

Hapo ndipo wifi yangu akainua kichwa.

"Mama," akasema, "na mimi."

"Na wewe nini?"

"Na mimi yananitoka. Mwezi wa pili sasa."

Wifi aliachia mtandio, na blauzi yake ilikuwa na alama mbili nilizozifahamu vizuri. Akasema siku zake zimekata, amepoteza usingizi, na kila mama yake alipokuwa ananiuliza mtoto yuko wapi alikuwa anajua kesho ataulizwa yeye.

Sista akamwangalia binti yake. Akaangalia mfuko pale mezani. Sheria yake ya maziwa na mtoto alikuwa ameitamka muda mfupi tu uliopita, mbele ya shemeji yake, na haikuwa na mlango wa nyuma.

"Huyu hajazaa," akasema polepole. "Huyu nalala naye chumba kimoja."

"Na mimi nalala chumba kimoja na mwanao," nikamwambia.

Mume wangu akainamisha kichwa mpaka kidevu kikagusa shati.

Baba mkubwa akakumbuka kuna mtu anamsubiri mahali. Akavua miwani, akavaa kofia, akasema kikao kimefungwa. Alipofika mlangoni akarudi kuuliza kama kile kidonge alichopewa alipokuja kututembelea mwaka jana kina madhara kwa mwanaume. Nikamwambia kimoja hakina neno.

Wifi nilimkasirikia, siwezi kudanganya. Aliniacha nichomwe peke yangu siku zote zile huku akijua sisemi uongo. Lakini alipokuja chumbani akanikumbatia akilia, hasira ikayeyuka. Alikuwa ameogopa kama mimi, tofauti ni kwamba mimi nilikamatwa kwanza.

Asubuhi ya Jumatatu, kabla hata sijapiga mswaki, nikasikia hodi. Sista alikuwa mlangoni, amevaa, mkoba kwapani, lile kopo amelifunga kwenye kanga.

"Twendeni wote," akasema. "Huyo daktari nataka nimsikie kwa masikio yangu."

Mbele ya daktari hakujitetea hata kidogo. Akaweka kopo mezani na kusema aliyewapa ni yeye, wote wawili, kwa mkono wake, na aliyemuuzia ni mtu fulani, ataenda kuongea naye. Daktari akamsikiliza, akamshukuru kwa kulileta, akaandika vipimo vya wifi. Majibu ya wifi nayo baadaye yalitoka kama yangu.

Tulipokuwa tunamsubiri wifi kwenye benchi la nje, Sista akanishika mkono. Vidole vyake kweli vimepinda.

"Nilikuwa nakutafutia mtoto, mwanangu," akasema. "Kumbe mimi ndiye niliyemfungia njia."

Akalia pale pale mbele za watu. Nami nikalia. Miaka miwili nilikuwa nimelaumu sindano, nimejilaumu mimi, nimelaumu mpaka nyota yangu. Kumjua mkosaji, na kumkuta ananishika mkono, kulinichanganya, lakini mzigo ulinitoka. Nilimsamehe hapo hapo, bila kuombwa mara ya pili.

Maziwa yalianza kukauka baada ya wiki chache. Siku zangu zikarudi, kwanza kwa kubabaisha, baadaye kama saa. Homoni ikashuka yenyewe, picha ya kichwa haikuhitajika. Wifi naye akapona, akarudi kwenye ukimya wake. Harufu ya wino niliitibu kwa kumbana bosi aweke feni ya kutoa hewa, jambo ambalo ningelifanya miaka mitatu nyuma kama nisingekuwa na kidonge.

Mume wangu aliniambia sasa ananiamini. Nikamjibu kwamba baada ya vipimo kila mtu anaamini, hata baba mkubwa.

Mwaka uliofuata nikapata ujauzito.

Siku ya kujifungua, muuguzi akatoka nje ya wodi akasema anayeruhusiwa kuingia na mimi ni mtu mmoja. Mume wangu akasimama. Sista naye akasimama, kisha akamwangalia mwanawe, akaanza kukaa.

Nikasema aingie Sista.

Aliingia, akanishika, akanikanda mgongo usiku kucha, na kila dawa iliyoletwa alimuuliza muuguzi ni ya nini, ya siku ngapi, na ina madhara gani. Muuguzi alimwuliza kama naye ni mtu wa hospitali. Sista akajibu kwamba alikuwa akifua mashuka.

Tukapata binti. Anaendelea vizuri na ana sauti.

Mume wangu aliniuliza baadaye, kwa upole wake uleule, kwa nini nilimwacha nje wakati mama yake ndiye aliyenidhuru. Nikamwambia ukweli wangu wote. Mama yako alinipa dawa isiyofaa kwa sababu alitaka nipate mtoto, na alipojua amekosea alinishika mkono kabla majibu ya wifi hayajatoka. Wewe nilikuambia naogopa, ukasubiri vipimo.

Alikaa kwenye kiti cha wageni akamshika binti yake, na nikaona machozi yanamdondoka kwenye shati. Tuko pamoja mpaka leo. Anajitahidi, namwona anavyojitahidi.

Basi, dada zangu, la kwenu ni hili. Daktari akikuuliza unatumia dawa gani, taja kila kinachopita kooni: cha kichwa, cha mgongo, cha usingizi, cha kunenepa, cha shoga yako, cha mama mkwe. Usiseme si dawa kwa sababu umeizoea. Na usiibebeshe sindano kila mzigo kabla hujaulizia wengine.

Na nyie waume, la kwenu ni fupi zaidi. Mke wako akikwambia naogopa, hapo hakuna cha kupima. Vaa viatu mwende wote.